Kifuniko Bila Sufuria

Kwa miaka saba niliishi na kifuniko cha sufuria kisicho na sufuria. Kilikuwa kizito, cha aluminiamu ya kuyeyushwa, ukingo wake umebonyea upande mmoja, na kishikio chake fundi alikuwa amekifunga kwa ribiti mbili zisizofanana. Nilikibeba kutoka kwetu Burungu hadi kambini Kashuga, na kutoka Kashuga hadi hapa Pinga, na katika kila jiko tulilopikia kilikaa juu ya sufuria zisizo zake, kikiyumba na kuvujisha mvuke pembeni. Majirani walinicheka. Mmoja aliniambia kifuniko kile kinafaa kuchotea majivu. Nilimwambia aangalie vyombo vyake.

Kilikuwa na kazi moja tu, kupika piza siku ya Jumapili. Najua mtu akisikia piza huku kwetu, mahali ambapo hata pikipiki inafika imelowa matope mpaka kwenye taa, atadhani najidai. Sijidai. Yetu ni piza ya sufuria, nene, inayokatwa kwa kisu na kuliwa kwa sahani, na aliyeileta nyumbani ni mdogo wangu wa kike. Mimi nilibaki na desturi yake tu, kwa kuwa yeye mwenyewe hatukujua alipo.

Alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni kule Kitchanga. Aliajiriwa kuosha vyombo, lakini kwa ule mdomo wake, haukupita mwaka kabla mpishi hajahamia upande wa bustani na kumwachia jiko. Kuna mama mmoja mgeni, aliyekuwa amekula ugali siku tatu mfululizo na uso umemshuka, ndiye aliyemfundisha kile chakula. Hapakuwa na oveni. Walifanya kama sisi tunavyopika keki za harusi: sufuria nzito juu ya mbabula, yaani jiko la makaa; makaa machache chini, makaa mengi juu ya kifuniko.

Mdogo wangu alirudi nyumbani jioni ile akitoa maelezo kwa mikono yote miwili. Unga unautandaza ndani ya sufuria mpaka upande ukutani. Jibini inatangulia chini, halafu mboga, na nyanya zinakuja juu kabisa.

"Nyanya juu? Fromage chini?" Mama alimuuliza. "Huyo muzungu alikuchezea."

"Mama, ukiweka fromage juu inaungua mbele ya unga kuiva. Ngoja utaona."

Tuliona. Mama alikula kipande chake, akakusanya makombo kwa kidole, kisha akasema kwamba chumvi imepungua. Kwa mama yangu hiyo ni sifa kubwa. Kuanzia hapo Jumapili yetu ikawa ya piza.

Unga mdogo wangu hakuukanda nyumbani hata siku moja. Burungu kuna baridi, na unga wa chachu ukiuacha kwenye beseni unanuna tu, hauumuki. Alikuwa akiununua umekwisha kukandwa kwa Papa mmoja, yaani mzee, wa kutoka Butembo, mwenye duka na tanuri la mikate pale Kitchanga, mkatoliki wa misa ya kwanza ambaye rozari yake ilining'inia juu ya mzani. Papa huyo alikuwa na kawaida ya kumtania. Alimuuliza kila mara kwa nini anataka mkate mbichi wakati ulioiva uko mbele ya macho yake. Mdogo wangu alibonyeza donge kwa kidole, akatazama kama linarudi juu, na lisiporudi alilikataa mbele ya wateja wote.

Sasa niseme habari ya sufuria, kwa sababu bila hiyo hakuna cha kueleza.

Nilipokuwa msichana tuliwahi kukimbia vita kutoka Burungu kwa mara ya kwanza, baba akiwa bado hai. Tulifika kambini Kashuga tukiwa na mablanketi, maharage na Biblia, lakini hatukuwa na sufuria. Yeyote aliyewahi kukimbia anajua maana yake. Maharage hayaliwi mabichi. Mama yangu alikuwa akienda kibanda kwa kibanda kuazima, akingojea wengine wapike, wale, waoshe, ndipo apewe, na sisi tunakula jua likiwa limeshazama. Wanawake walimpa jina. Walimwita Mama Niazime. Hata watoto wao walimwita hivyo. Nilimwona mama yangu, mwanamke mwenye shamba la kilima kizima, amesimama nje ya kibanda cha mtu amekunja mikono, akijifanya anatazama mawingu.

Tuliporudi nyumbani aliweka sheria. Wakati wa kukimbia kila mtu ana kitu chake. Yeye Biblia na karatasi za shamba. Mdogo wangu mablanketi. Mimi sufuria. Na nilipoolewa, zawadi niliyopewa na mama ilikuwa sufuria, ile nzito ya kuyeyushwa. Ndoa yenyewe ilinishinda. Nilirudi kwetu baada ya miaka minne bila mtoto na bila mume, sufuria kichwani, na mdogo wangu alinipokea njiani akasema angalau kitu cha maana nimekiokoa. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, mchana mweupe, saa nane hivi. Piza ilikuwa jikoni. Mdogo wangu alikuwa amepanga makaa juu ya kifuniko na alikuwa akipiga ubavu wa sufuria kwa kijiko, akitega sikio. Alidai unga ukiiva sauti inabadilika. Mimi sikuwahi kusikia tofauti yoyote, nilimwambia anapiga ngoma.

Risasi za kwanza zilikuwa mbali, upande wa bondeni, na kwa aibu yangu naweza kusema hatukuinuka. Tulikuwa tumezizoea za mbali. Halafu zikawa za karibu, na jirani akapita anakimbia na mbuzi wake shingoni. Mama akaingia chumbani, akatoka na Biblia na karatasi, akashika njia. Mdogo wangu akavuta mablanketi. Mimi nikaenda jikoni kwenye kazi yangu. Nilisukuma makaa yakaanguka chini, nikakizungushia kifuniko kitambaa, nikakiinua ili nimwage kile kilichomo.

"Usifunue, yaya!" mdogo wangu alipiga kelele kutoka mlangoni. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Haijaiva!"

Alikuwa anatania. Hata wakati ule alikuwa anatania. Kitu kikapiga bati la jirani, na miguu yangu ikaondoka kabla sijaiambia. Nilikimbia pamoja naye kupita shamba la mahindi, kupita mikaratusi, na tulipofika kwenye kona ya njia, pale mama alipokuwa akitangulia mbele yetu kidogo, nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimebeba kifuniko. Sufuria ilikuwa imebaki motoni.

Sikufikiri. Wala siwezi kusema nilifikiri vibaya, kwa sababu hakukuwa na kufikiri. Nilimwona mama amesimama nje ya kibanda cha mtu anatazama mawingu. Nilijiona mimi mwenyewe, mwenye kazi moja tu, nayo imenishinda. Nikavuta mablanketi kutoka kichwani mwa mdogo wangu nikayaweka kwangu, nikafungua kitenge changu nikampa.

"Rudi ulete sufuria! Mbio!"

Alinitazama. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na hakuwa mtu wa kuogopa upesi. Alisema, "Yaya, iko moto."

Nikamwambia, "Shika na kitenge."

Akarudi. Alikuwa na mbio nzuri, shuleni walimpenda kwa ajili hiyo. Nilimwona mgongo mpaka mahindi yalipomficha.

Tulingojea kwenye kona hadi watu waliokuwa wakitoka nyuma wakatusukuma. Halafu tukaona moshi upande wa nyumba zetu, na mtu akamshika mama mkono akamvuta. Tulitembea. Kila tulipopumzika niligeuka nyuma. Kashuga tuliuliza kila kibanda, na mwanamke mmoja alituambia ameona msichana na sufuria inayofuka moshi kichwani, anashuka na kundi la watu wa kwenda Pinga. Hatukumuuliza zaidi, kwa kuwa tulitaka iwe kweli. Tulishika njia ya Pinga, ambako kaka yake mama, mjomba wangu, alikuwa amejenga. Msichana mwenye sufuria hakuwa amefika, wala hakufika.

Pale Kashuga, jioni ya kwanza, mama alikuwa ameniuliza, "Mudogo wako alirudia nini?"

Mdomo wangu ukajibu, "Alirudia piza yake."

Nimejiuliza mara nyingi neno lile lilitoka wapi. Lilitoka tu, likiwa tayari, na mara lilipotoka likawa ndiyo habari. Mama alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi ni tumbo yake njo ilimupeleka," yaani ulafi wake ndio uliompeleka, akageukia ukuta wa turubai.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka saba. Nilipata nguvu ya kupika piza tena mwaka wa pili, mama mwenyewe aliponiomba. Nilinunua unga kwa yule yule Papa wa Butembo, ambaye naye alikuwa amekimbia Kitchanga akajenga tanuri lingine hapa Pinga, rozari ile ile juu ya mzani. Kila Jumapili nilikata vipande vinne: cha mama, cha mjomba, changu, na cha nne mama alikifunika kwa sahani. Na kila Jumapili, wakati anakifunika, alisema maneno yale yale. "Ule mutoto. Tumbo yake njo ilimupeleka." Halafu ananitazama. Mimi nilitazama sahani yangu.

Kuna mambo ambayo sikumwambia mtu. Sokoni sikuweza kupita mwanamke mwenye sufuria kichwani bila kuangalia kwanza sufuria, ndipo uso. Nilitafuta bonyeo moja karibu na mkono, ambalo lingelingana na bonyeo la kifuniko. Niliwahi kushika sufuria ya mama muuza ugali nikaigeuza mbele ya wateja wake, na alinitukana hadi mwisho wa soko, tena alikuwa na haki. Na jikoni, kwa kuwa kifuniko kile hakikukaa sawasawa juu ya sufuria yoyote, mvuke ulipenya pembeni na kutoa sauti nyembamba. Nilimsikia mdogo wangu mle ndani. Najua ni mvuke. Nilikuwa nikijua na bado nilimsikia, akisema maneno yake matatu, na nilikuwa nikiongeza makaa juu ili iive haraka anyamaze. Ndiyo maana piza zangu nyingi ziliungua. Mama alidhani sina mkono wa kupika.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya maharage, mjomba alikuja kukaa na sisi barazani akiwa amevaa koti. Mjomba akivaa koti ujue ana neno.

Alisema imetosha. Mtu hawezi kuwa nusu huku nusu kule. Angetaka kumaliza kilio, mtoto alale kwa amani na mama yake apumzike. Kwetu mtu akikosekana mwili wake, linachimbwa kaburi fupi, linawekwa shina la mgomba lililofungwa kwa nguo, pamoja na kitu kimoja ambacho mkono wake ulikishika sana. Wengine kanisani wanakunja uso, lakini wanakuja wote na wanakula.

"Tuko na kitu gani chake?" mjomba aliuliza.

Nguo zake ziliungua na nyumba. Tulifikiri wote watatu, na mama akasema, "Iko kifuniko."

Mjomba akakubali kwa kichwa, akapanga siku ya Jumamosi, kisha akanigeukia. "Na wewe njo utasema."

Hiyo nayo ni desturi, na hakuna kilio kinachokwisha bila hiyo. Aliyekuwa na marehemu mwisho husimama mbele ya watu na kueleza namna alivyoondoka, tangu mwanzo hadi mwisho, alichosema na alichoambiwa. Kama ni ugonjwa, unaeleza ugonjwa. Ndipo watu wanajua wanamlilia nani, na hakuna atakayeuliza tena. Nilikuwa nimehudhuria vilio vingi na siku zote nilipenda sehemu ile. Sasa nilitaka kumpiga mjomba kwa kiti alichokalia.

Nilimwambia kwamba sina sauti ya kusema mbele ya watu. Alinijibu kwamba sauti yangu inasikika mpaka Walikale ninapogombana na wauza makaa.

Wiki ile sikulala vizuri wala sikula vizuri. Mama alitaka wageni walishwe chakula cha mtoto wake, basi Jumamosi asubuhi nilienda kwa Papa wa mikate na beseni. Alikuwa ameshasikia. Aliniwekea madonge manane, na la tisa akaliongeza yeye mwenyewe bila kuombwa, kisha akasimama anajifuta unga mikononi.

"Ule dada alikuwa ananifokea mbele ya watu juu ya chumvi," alisema. "Mpaka sasa nikikanda unga, naonja kwanza. Ninamuogopa."

Nilicheka kidogo. Naye akacheka, halafu akaacha.

"Lakini iko kitu sielewi, mama. Watu wanasema alirudia chakula. Yule? Nilikuwa namuona dimanche, kisha misa, anapita kule Kitchanga na ile piza yenu, anawagawia wanawake wa barabarani, yeye anabaki na ngozi ya pembeni. Haikukuwa tabia yake kukufa juu ya tumbo."

Nilimwambia haya, tutaonana mchana. Nilipofika njiani niliweka beseni chini, nikakaa juu ya jiwe. Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kufanya. Nilikuwa nimejihesabia kosa moja, la kumtuma. Sikuwa nimeliona lile jingine, kwamba kila Jumapili nilikaa mezani nikaacha mdogo wangu aitwe mlafi, na leo nilikuwa naenda kumfukia na jina hilo, mbele ya wanawake waliokimbia Kitchanga nao, ambao yeye aliwapa vipande vyake. Nililia pale juu ya jiwe kwa hasira, nikijichukia waziwazi, na mwendesha pikipiki mmoja akapunguza mwendo akaniuliza kama nimeibiwa.

Jikoni niliwasha mbabula mbili. Nilipaka mafuta sufuria ya mjomba, nikatandaza unga kwa ngumi hadi ukapanda ukutani, nikauacha upumzike. Jibini ilikuwa ya mviringo, ile ya vilima vya Masisi, imeletwa na pikipiki ikiwa imefungwa kwenye jani la mgomba. Mama alikuja akaketi kwenye kigoda, akaomba kisu, akaanza kuikata vipande vyembamba. Hakupenda mtu mwingine aikate. Alisema mimi naikata kama mtu anayechanja kuni.

Nilipanga jibini chini. Nikaweka lengalenga, mchicha wetu, zilizokaangwa na vitunguu. Nikamwaga nyanya juu. Nikakiweka kifuniko, nikakipangia makaa juu yake katika siku yake ya mwisho, na nilipokuwa nimeinama hivyo, mgongo kwa mama, nikapiga moyo konde.

"Mama, iko kitu nataka kukuambia."

Kisu kiliendelea.

"Siku ile hakurudia piza. Ni mimi. Mimi njo nilimutuma arudie sufuria. Nilikuwa nimebeba kifuniko peke yake, nikaogopa. Aliniambia iko moto, nikamuambia ashike na kitenge."

Nilikuwa nimeyatayarisha mengine mengi, kuhusu Kashuga, kuhusu risasi, kuhusu miaka yangu. Hayakutoka. Nilingojea anipige, au alie, au aite mjomba. Mvuke ulianza kupenya pembeni mwa kifuniko na ile sauti nyembamba ikaanza.

"Nilikusikia," mama alisema.

Nikageuka.

"Nilikuwa kwenye kona, mbele yenu kidogo tu. Nilisikia unamuambia. Nilisikia na yeye anasema iko moto." Aliweka kisu juu ya magoti. "Nimejua tangu ile siku."

Nikakaa chini kwenye sakafu palepale karibu na makaa. Nilimuuliza kwa nini basi, kwa nini kila Jumapili miaka yote alikuwa akisema ni tumbo lake.

"Nilikuwa nangojea unikatalie," alisema. "Kashuga ulinipa lile neno, nikasema basi, nitakuwa ninamurudishia, siku moja litamuchoma. Kila dimanche nilisema, nakuangalia. Nikasema, leo atamutetea mudogo wake. Haukumutetea."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Niliuficha uso wangu ndani ya kitenge, na yeye akaniacha nilie bila kunigusa, na ilikuwa haki yake.

Halafu nikasikia kigoda kinasogea. Alikuja akachuchumaa kando yangu, magoti yake yakilia kama kawaida.

"Sasa sikia na yangu," alisema. "Sisi tulikuwa kwenye njia moja. Mimi ni mama yenu. Ningeita tu: acheni sufuria, mukuje. Neno moja, angesikia, alikuwa bado karibu. Nilifungua kinywa. Nikakumbuka Kashuga, namna walikuwa wananiita. Nikasema ndani ya roho yangu, aende tu, nyumba iko karibu, ataleta." Alitazama kifuniko. "Na mimi nilitaka ile sufuria."

Ni harufu iliyotuinua, unga ulikuwa umeanza kuungua chini. Mama aliwahi kabla yangu, akasukuma makaa, akakiinua kifuniko kwa mkono uliofungwa nguo. Piza ilikuwa nyeusi pembeni, na nyanya katikati zilikuwa zikichemka taratibu.

"Chumvi imepungua," alisema, kabla hata hajaonja.

Tulipika nyingine na nyingine mpaka madonge yote tisa yakaisha. Mjomba alipotuita tuliziacha jikoni bila kifuniko.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba ya mjomba, karibu na migomba yake, fupi kuliko nilivyodhani. Shina lilikuwa limefungwa kitenge kipya. Watu walikuwa wengi: wanawake wa kanisani, majirani, Papa wa mikate katika shati lake la misa. Tuliimba, tukaomba. Kisha mjomba, katika koti lake, akasema aliyemwona mwisho asimame.

Nilisimama, nimekishika kifuniko kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na joto kidogo upande wa chini. Na nyuma yangu nikasikia magoti ya mama.

"Dada, kaa," mjomba alimwambia kwa upole. "Anasimama mutu mumoja."

"Wenye walimutuma walikuwa wawili," mama alijibu. "Tutasimama wawili."

Mjomba alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatupisha. Mama akaja akashika ukingo wa kifuniko upande wake, ule uliobonyea. Nikaanza kwa kusema kwamba mdogo wangu hakuwa mlafi, na kwamba hakurudia chakula. Nikaeleza kuhusu mahindi, na mikaratusi, na kona ya njia. Nilieleza kitu nilichokuwa nimebeba na kitu nilichokuwa nimesahau. Nilipofika pale alipogeuka kunitazama nilimgeukia mama, naye akaimaliza habari kwa ajili yangu.

"Alituambia iko moto," alisema, "na sisi tukamuacha aende."

Tukakiweka kifuniko juu ya shina.